Gesi ya Ziwa Kivu: inajijaza yenyewe, au tunachota akiba?

Mleta mada:

Wakuu, habari za muda huu. Kila ikitoka habari ya umeme unaozalishwa kwa methani, ile gesi inayowaka iliyoyeyuka chini ya Ziwa Kivu, wachangiaji wanagawanyika kambi mbili. Wa kwanza wanasema gesi ni ya volkano, Nyiragongo iko palepale juu ya Goma, haiwezi kuisha. Wa pili wanasema inatengenezwa na vijidudu, na vijidudu vinazaliana kila siku, haiwezi kuisha. Mnaona kichekesho? Wanatukanana halafu wanafika mahali pamoja. Mimi naona wote wamekosea mwisho, ila wa pili walau wamepatia mwanzo.

Ushahidi ni kaboni yenyewe. Kuna kaboni-12 nyepesi na kaboni-13 nzito kidogo. Vijidudu vinavyotoa methani, kule kwenye tope chini ya ziwa pasipo na oksijeni, vina uvivu wao: vinashika zaidi ile nyepesi. Kwa hiyo methani yao hutoka na upungufu mkubwa wa kaboni-13, na wataalamu huuandika kwa sehemu za elfu: namba ikiwa hasi zaidi, kaboni-13 ni pungufu zaidi. Gesi iliyopikwa na joto la ardhini, ile jamaa ya mafuta, kwa kawaida huwa kati ya -50 na -20. Ya Kivu iko karibu na -60. Hiyo hakuna moto ulioipika.

Lakini volkano haijachomoka kwenye kesi. Hewa ya ukaa inayopanda kutoka tumboni mwa dunia huwa kama -6 hivi. Vijidudu vikiichukua na kuiunganisha na haidrojeni, vinashusha hamsini na kitu, unafika -60. Njia ya pili: mwani unakufa juu, unazama, unaoza, vijidudu vinamalizia mabaki. Mwani unaanzia chini zaidi, -20 na ushei, unashushwa pungufu ya hapo, na unaangukia jirani na palepale. Namba moja, asili mbili.

Ndipo ikaitwa kaboni-14, ile inayopungua kadiri kaboni inavyozeeka. Kaboni ya volkano haina kabisa, na methani ya Kivu inayo kidogo sana. Kwa hiyo makadirio yanayotajwa mara nyingi ni theluthi mbili kutoka hewa ya volkano, theluthi moja kutoka mwani.

Sasa hoja yangu. Alama hiyo inakuambia nani kapika na katumia unga gani. Haikuambii sufuria linajaa kwa muda gani. Mtafiti Klaus Tietze alipima gesi ya ziwa mwaka 1974 na 1975. Vipimo vya 2004 vikaonyesha methani imeongezeka kama asilimia 15, watu wakashangilia (wengine wakaogopa). Vipimo vya 2018, kwa vifaa vya timu tofauti vikilinganishwa, havikuliona ongezeko hilo.

Hesabu yangu ya haraka, nirekebisheni. Ziwa lina methani kilomita za ujazo 60 hivi. Maji ya kina yanakadiriwa kukaa kule miaka 800 hadi 1,000. Kama gesi hujijaza kwa mwendo huohuo, gawanya kwa 800, unapata mita za ujazo milioni 75 kwa mwaka. Upande wa Rwanda kuna mitambo ya umeme wa gesi hiyo: KivuWatt ya Karongi ni megawati 26, Shema Power ya Rubavu ni 56. Zikiwaka mwaka mzima kwa ufanisi wa asilimia 40, zinakula kama milioni 180. Ni akiba kubwa, karne tatu na zaidi kama ungeweza kuitoa yote, lakini ni akiba. Kuiita nishati isiyoisha ni kujidanganya. Nawasilisha.

Mchangiaji wa 1:

Mkuu, kwenye kaboni-14 umepita haraka. Maji ya chini yanapanda polepole na kuleta kaboni ya volkano juu. Mwani unakula hiyohiyo, unazaliwa tayari "mzee". Theluthi yako ya mwani inaweza kuwa kubwa kuliko hiyo.

Mleta mada:

Hapo umenishika. Zile theluthi nazishusha ziwe kisio tu. Hesabu ya akiba haiguswi, kwa sababu haijali unga umetoka wapi.

Mchangiaji wa 2:

Mimi niko wa Goma. Nyie mnahesabu karne, sisi tunahesabu usiku. Huku mtoto anafundishwa mapema asishuke kwenye mabonde ya mazuku, maana hewa ya sumu imetulia pale chini, mbuzi anaingia kula majani hatoki. Mei 2021 tulihamishwa mji nusu, wakihofia magma imepita chini yetu kuelekea ziwani. Ziwa Nyos, Kamerun, 1986, lilitapika gesi yake likaua watu zaidi ya 1,700 usiku mmoja. Kwangu mimi ikiisha kesho ni heri.

Mleta mada:

Mama au kaka, sijui nikuiteje, pole. Na una hoja kuliko wengi humu. Mazuku na Nyos ni hewa ya ukaa, na Kivu inayo mara tano ya methani. Lakini methani haipendi kuyeyuka kwenye maji, kwa hiyo ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya shinikizo kule chini. Ukiitoa, unapunguza hatari. Leo shinikizo liko kama nusu ya kiwango ambacho gesi ingeanza kufumka mapovu yenyewe.

Mchangiaji wa 3:

Mmesahau sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa. Gesi hutolewa kwa kuvuta maji ya kina juu. Maji ya kina yana chumvi na rutuba nyingi. Yakimwagwa juu sana, mwani utalipuka, oksijeni itaisha, na wavuvi wetu wa usiku watarudi na taa tupu.

Mchangiaji wa 2:

Mama, siyo kaka. Basi achaneni na kuisha au kutoisha. Hayo maji yakishanyang'anywa gesi yanarudishwa mita ngapi, na upande wetu wa Kongo nani anayapima?