Wakuu, futi 32 au futi 38? Nanunua boti ya matanga ya kwanza kwa ajili ya familia

Baba wa Watatu
Wakuu, heshima kwenu. Naomba ushauri wa haraka, maana usingizi umeanza kunipaa. Nataka kununua boti ya matanga iliyotumika, ya kusafiria na familia. Tuko watano: mimi, mama watoto, binti wa miaka 12 na wavulana wawili, wa miaka 9 na 6. Mpango ni kulala humo humo wakati wa likizo, tukitoka bandari hii kwenda ile. Habari za kuvuka bahari kuu hazipo. Nimejifunza matanga misimu miwili kwenye vyombo vya wenzangu. Kupiga bisha, yaani kwenda kinyume na upepo kwa kupindapinda, najua, kupunguza tanga upepo ukizidi najua, ila sijawahi kumiliki chombo.

Nimeona mbili, zote za faiba. Moja ni ya futi 32, injini yake imefunguliwa na kutengenezwa, matanga yamechoka. Nyingine ni ya futi 38, vyumba vitatu, mtu mzima anasimama ndani bila kuinama, na bei yake iko chini kuliko ile ndogo. Swali langu ni moja: kwa watu watano, 32 zinatosha au nichukue 38? Natanguliza shukrani.

Suheli
Mkuu, futi 32 usizidharau. Suhaili, chombo cha Robin Knox-Johnston, kilikuwa na futi hizo hizo. Alitoka Falmouth Juni 1968 akarudi Aprili 1969, siku 312, mtu wa kwanza kuizunguka dunia peke yake bila kituo. Jina lile ni la upepo wa kusini-mashariki kule Ghuba ya Uajemi, na hili langu nimelitoa humo.

Jambo jingine: futi 38 usizione kama futi 32 zilizoongezwa sita. Uzito hupanda kwa zaidi ya nusu, na kila kitu kinaufuata: nanga, amari (kamba ya nanga), matanga, rangi ya chini, ada ya maegesho. Tanga likikushinda upepo mkali ukiwa na mtoto wa miaka 6 pembeni, utatamani lingekuwa dogo.

Kamba Tatu
Watu watano na choo kimoja, hapo hata meli ya abiria ni ndogo 😂

Mama Chumvi
Mimi nauliza la kwangu: mama watoto anasemaje? Maana mume wangu alinunua kwanza, akaniuliza baadaye. Siku ya kwanza upepo ulipoingia kwenye tanga chombo kikalala upande, sufuria zikamwagika, mtoto akaniangalia usoni. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba boti ya matanga hulala na kuinuka, kwamba mkuku mzito chini ndio unaoirudisha. Nilidhani tunazama. Nililia mpaka tulipotia nanga, na ilipita miezi saba kabla sijakanyaga tena mle ndani. Kaka, mpeleke mama watoto akae kwenye chombo cha mtu siku nzima yenye upepo, kabla hujatoa hata shilingi.

Fundi Dizeli
Urefu waachie wengine. Ukienda kuiona, ufike bila wao kuiwasha. Weka kiganja juu ya injini. Ikiwa ya moto, mwambie muuzaji utarudi kesho, kwa sababu injini mbovu iliyopashwa moto mapema inawaka kama mpya. Ikiwa baridi, iwashe uangalie moshi. Mweusi maana yake mafuta hayaungui yote au injini inalemewa. Wa bluu, inakula oili. Mweupe usiokoma, fikiria maji au dizeli isiyoungua. Halafu hakikisha bomba la nyuma linatema maji yanayopoza injini. Nina mteja aliyenunua kwa sababu mito ya vitanda ilikuwa mizuri. Mpaka leo nachukua pesa zake.

Kana Mkononi
Mleta mada, mbona kubwa ni rahisi kuliko ndogo? Hilo ndilo swali. Na umeandika "usingizi umeanza kunipaa." Mtu ambaye bado anachagua halali macho. Umeshalipa?

Baba wa Watatu
Asanteni kwa majibu. Mama Chumvi, nimekusikia. Mama watoto anajua kwamba natafuta.

Kana, nimetoa arbuni kwenye ile ya 38. Dalali alisema yupo mnunuzi mwingine, na mwisho wa mwezi nikishindwa kumalizia, arbuni inaliwa. Lakini nisieleweke vibaya, sikukurupuka. Watoto wameshagawana vitanda. Mwanangu wa miaka 6 amebandika karatasi yenye jina lake juu ya kitanda cha mbele. Na bei ile hairudi. Ninachotaka kwenu ni kujua tu kama nitaweza kuiongoza kwa ukubwa wake.

Kamba Tatu
Kumbe anauliza njia na safari ameshafika.

Kana Mkononi
Bado hujajibu. Kwa nini ni rahisi? Imekaa muda gani bila kusafiri? Nani ameikagua ikiwa juu, nchi kavu?

Baba wa Watatu
Imekaa miaka minne. Rafiki yangu mwenye uzoefu aliipitia yote ikiwa majini, akasema iko sawa. Kuipandisha juu ni gharama, na mwenye boti anasema ilipandishwa ilipotengenezwa.

Ilitengenezwa kwa sababu iliwahi kugusa mwamba. Hili sikuliweka kwenye mada kwa kuwa limekwisha. Pale mkuku unapokutana na tumbo kuna kamstari tu, ni rangi iliyopasuka. Boti nyingi zimewahi kugusa chini, si kweli?

Suheli
Mkuu. Hilo ndilo lilipaswa kuwa sentensi yako ya kwanza.

Kana Mkononi
Kweli, nyingi zimewahi kugusa. Mchanga ni kitu kimoja na mwamba ni kingine. Fikiria chombo kinakwenda kasi, na mkuku wa chuma umefungwa kwa boliti chini ya tumbo. Ncha ya chini mbele inagonga jiwe. Mkuku unataka kuzunguka: kwa juu, upande wa mbele unavutwa kutoka kwenye tumbo, na upande wa nyuma unasukumwa kwenda juu, ndani ya faiba. Kwa hiyo madhara makubwa mara nyingi yanakaa nyuma ya mkuku, ndani, kwenye mataruma, yaani mbavu za faiba zilizogandishwa juu ya tumbo. Mtu anaziba na kupaka rangi kwa nje, ndani yameachana. Ukiwa majini huoni kitu.

Mei 2014 chombo cha futi 40 kiitwacho Cheeki Rafiki kilikuwa kinatoka Antigua kwenda Southampton. Katikati ya Atlantiki mkuku ulichomoka, kikapinduka. Watu wanne wamekufa. Tumbo lilikutwa limeelea juu chini, na rafti ya kuokolea ikiwa bado mahali pake ndani ya chombo. Wachunguzi wa ajali za baharini wa Uingereza waliandika kwamba kugusa chini mara kadhaa huko nyuma, pamoja na matengenezo yaliyofuata, huenda vilidhoofisha pale mkuku ulipoungana na tumbo. Kila nikisoma lile jina la rafiki naishiwa nguvu.

Sikutishi. Ninyi mnasafiri karibu na nchi, na vyombo vingi vilivyogonga vimetengenezwa vizuri vikaendelea na kazi. Lakini anayejua kama hiki kimetengenezwa vizuri ni mkaguzi asiyelipwa na dalali, chombo kikiwa juu.

Jicho Pevu
Wakuu, mnachoshwa bure. Hii ni chai. Someni tena: boti iko majini, haijapandishwa, mwenyewe hataki gharama. Halafu anatueleza kamstari kalicho chini kwenye maungio ya mkuku. Amekaona vipi? Juzi ni "swali moja tu", leo arbuni, leo mwamba, kesho atatuambia boti ilikuwa ya marehemu. Kuna watu wanatunga visa wapate kurasa.

Kamba Tatu
Duh. Na mimi nilishaanza kumuonea huruma.

Fundi Dizeli
Hata kama ni chai, mambo aliyoandika Kana ni ya kweli na kuna mtu atayasoma.

Mama Chumvi
Mwacheni ajibu. Anayetunga hatungi karatasi ya mtoto juu ya kitanda.

Baba wa Watatu
Jicho Pevu una haki ya kuuliza. Sikukaona mimi.

Siku ya kuitazama nilikwenda na watoto. Wakati naongea na dalali, binti yangu alivaa miwani ya kuogelea akazama chini ya boti, anapenda sana. Alipanda ngazi ya nyuma anatiririka maji, akaniambia, "Baba, kule chini kuna mstari, kucha yangu inaingia." Akanionyesha kidole, chini ya kucha kulikuwa na unga wa kahawia. Dalali akacheka akasema ni rangi. Na mimi nikamwambia mwanangu ni rangi. Aliniangalia, hakusema tena. Jioni ile nikalipa.

Kila nikilala nakiona kidole kile. Mama watoto hajui habari ya mwamba wala ya arbuni. Sasa mmejua yote.

Mama Chumvi
Pole kaka yangu. Mwambie leo. Usisubiri kesho.

Jicho Pevu
Nafuta niliyoandika. Samahani mkuu.

Mzee wa Ngama
Sikuwa na nia ya kuandika. Nina miaka mingi kwenye vyombo, na kitu ninachokumbuka kuliko dhoruba zote ni usiku nilipoteremsha mguu kutoka kitandani nikakanyaga maji. Ulikuwa mpira mmoja wa bomba la choo, umechoka, umechomoka kwenye valvu inayopitisha maji ya bahari. Nilipoikamata valvu niifunge, mkono wake ulibaki kiganjani mwangu. Ilikuwa shaba duni, zinki yote imeliwa na chumvi, pale ilipovunjika ni nyekundu kama udongo wa kufinyangia. Tulifua maji mpaka alfajiri. Chombo kile nilikinunua kwa haraka kwa sababu kulikuwa na "mnunuzi mwingine." Huyo mnunuzi mwingine nimemsikia mara nyingi maishani, sijawahi kumwona.

Soma karatasi ya arbuni. Je, imeandikwa kwamba ununuzi unategemea ukaguzi? Kama haikuandikwa, mwendee mwenye chombo mwenyewe, si dalali, umwombe kupandisha kwa gharama yako. Akikataa, huna la kuuliza zaidi.

Baba wa Watatu
Haikuandikwa. Nimemwambia mama watoto. Hakupiga kelele, na hilo liliniuma zaidi. Mwenye boti amekubali ipandishwe Jumamosi, gharama juu yangu.

Suheli
Mkaguzi awepo wakati inanyanyuliwa, si baada ya kukaa kwenye magogo. Mwambie hivyo hivyo.

Baba wa Watatu
Wakuu, mrejesho.

Suheli, Mungu akubariki kwa neno lile. Boti ilipokuwa inaning'inia kwenye mikanda ya kreni, mkuku ukivuta kwa uzito wake wote, ule mstari ulifunguka upande wa mbele, ukaanza kutoa maji ya kutu. Walipoiteremsha mkuku ukagusa magogo, mstari ukafumba. Mkaguzi akaomba wainyanyue tena ili mwenye boti naye aone. Ukafunguka tena.

Ndani akaondoa mbao za sakafuni, akawa anagonga kwa nyundo ya plastiki. Mbele sauti ilikuwa kavu, ngo, ngo. Nyuma ya mkuku ikawa nzito, bu, kama anagonga mkate. Akatoa kadi yake mfukoni akaipenyeza kati ya taruma na tumbo, ikaingia mpaka katikati. Amesema inatengenezeka, lakini ni kuushusha mkuku wote na kujenga upya ndani, na gharama yake inapita bei ya boti.

Binti yangu alikuwepo. Nilimwomba msamaha pale pale, mbele ya dalali.

Mwenye boti amenirudishia nusu ya arbuni. Nusu nyingine imekwenda.

Kana Mkononi
Nusu hiyo usiililie. Na ile ya futi 32?

Baba wa Watatu
Bado ipo. Tunakwenda Jumapili wote watano, mama watoto ndiye aliyepanga siku. Nimemwomba muuzaji asiiguse injini mpaka nifike.