Utrasaundi ya 3D: nifunge safari au niache?

Mama K, Ujiji:
Wapendwa, nina mimba ya wiki 21. Wifi yangu yuko Dar, kanirushia picha ya mwanawe akiwa tumboni: pua ya kaka yangu kabisa, mashavu tele, rangi ya udongo. Mimi wiki iliyopita nilipimwa ile ya kawaida, nikaona ukungu tu, kisha nikapewa tishu nijifute jeli. Baba watoto anasema hela hiyo bora nepi. Nipande treni?

Mkunga Mstaafu:
Mwanangu, ule ukungu ndio wenye kazi. Wiki ya 18 hadi 22 ndipo wanapokagua moyo, uti wa mgongo, figo na kondo limekaa wapi. 3D ni mawimbi yale yale ya sauti, si mionzi. Kompyuta inaunganisha vipande na kujenga sura. Hiyo rangi ya udongo imepakwa na mashine! Daktari akishuku mdomo sungura, yaani mdomo wa juu uliopasuka, hapo inasaidia kweli.

Dada wa Tabora:
Mie nilienda wiki ya 28, maana wanasema 26 hadi 30 ndiyo sura inatoka vizuri. Mtoto kajifunika uso kwa mikono yote miwili. Nikaambiwa nitembee kidogo, ninywe juisi, wapi! Nimerudi na picha ya kiwiko. Bado iko kwenye albamu.

Mama K, Ujiji:
Kiwiko jamani 😂 Haya, nimemwambia baba watoto kashinda. Ila wifi simwambii habari za rangi.