Mtoto wa dada ana X tete, baba anatetemeka: nipime jeni ya FMR1 kabla ya mimba?

BintiWaPili: Habari wakuu, naombeni ushauri. Nina miaka 33, sijapata mtoto bado. Mtoto wa dada, miaka 5, alichelewa kuongea na kelele kidogo tu zinamvuruga. Vipimo vimeonyesha X tete (fragile X), hali ya kurithi inayoathiri ukuaji wa akili: kwenye jeni ya FMR1, herufi CGG zimejirudia zaidi ya mara 200. Dada anazo 88, akaambiwa "wewe ni mbebaji tu". Lakini hedhi yake ilikata akiwa na miaka 37. Baba naye, miaka 68, mikono inatetemeka na anayumba akitembea, tunaambiwa ni uzee. Je, vinahusiana? Mume wangu anaona nikipima nitaishi kwa hofu.

Maabara_Usiku: Pole dada. Vinaweza kabisa kuwa kitu kimoja. FMR1 hutengeneza protini iitwayo FMRP, ambayo hushika RNA (nakala za jeni zinazotumika kutengeneza protini) pale seli za neva zinapokutana na kuzuia protini nyingine zisitengenezwe ovyo. CGG zikipita 200 jeni huzimika na FMRP haitoki. Hiyo ndiyo hali ya mtoto. Kati ya 55 na 200, yaani wabebaji kama dada yako, jeni bado inafanya kazi, ila inamwaga RNA kupita kiasi, na RNA hiyo yenyewe hudhuru seli. Ndiyo maana wapo wabebaji wanaoanza kutetemeka na kuyumba baada ya miaka 50, na karibu mwanamke 1 kati ya 5 ovari zake huchoka kabla ya 40. Hilo neno "tu" lingeondolewa.

MamaWaKijana: Mwanangu ana X tete, sasa ana miaka 14. Mdogo wangu, kuna jambo hujauliza. FMR1 iko kwenye kromosomu X, na baba ana X moja, anayompa kila binti. Kama imetoka kwake, nawe unayo. Ikiwa ni kwa mama, hapo ndipo nusu kwa nusu. Baba apimwe kwanza, tena kwa faida yake: baba yangu alitibiwa Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka, miaka minne bila nafuu, kumbe ni jeni hii.

Maabara_Usiku: Naunga mkono. Ombeni kipimo cha kuhesabu CGG kwa jina, maana vipimo vya jumla vya jeni mara nyingi havioni marudio haya. Na usisubiri mimba, dada. Marudio huongezeka hasa yakipitia kwa mama. Ukijua mapema unaweza kupima akiba ya mayai, au kuchagua kupima kijusi.

BintiWaPili: Hilo la X ya baba limenikalisha chini. Nimemweleza, amesema kama ni kwa ajili ya mjukuu twende hata kesho. Mume wangu amesoma uzi huu wote, atanisindikiza. Ila tuko mabinti watatu, mdogo wetu ana 19. Nimwambie sasa?

MamaWaKijana: Mwambie. Kupima ataamua mwenyewe. Mimi niliambiwa nikiwa na 38, nilishachelewa.