Re: Mbwa kuwatembelea wazee kwenye nyumba za kulelea wazee, inasaidia kweli?

Habari zenu ndugu zangu. Naomba ushauri wa nyie mliokaa muda mrefu kwenye kazi za kulea wazee huku ughaibuni. Meneja wetu ameniomba nisimamie mambo ya mbwa kuja kuwatembelea wazee kila wiki, kisa nilisema kikaoni kwamba napenda wanyama. Nimekubali ila nataka kujua, hivi inawasaidia kweli au ni mambo ya kupiga picha tu? Maana pale kwetu wazee wanakula vizuri, dawa wanapata, wanaogeshwa, lakini upweke ndo unawamaliza, mtu anakaa anaangalia korido tangu asubuhi, akisikia hatua anainua kichwa, akiona ni mfanyakazi anapita na toroli la mashuka anakiinamisha tena. Nianzie wapi?

-----

Mdogo wangu, hongera kwa kulipokea hilo jukumu, wengi wanalikwepa manake linaongeza kazi. Inasaidia, tena sana, ila sehemu nyingi wanaifanya vibaya. Unakuta wazee wote wamesukumwa sebuleni wamepangwa duara, mbwa anazungushwa, kila mmoja anamgusa kichwa kidogo, picha zinapigwa, mbwa anaondoka. Kama burudani sawa, lakini upweke wa mtu hautoki kwa kusubiri zamu ya kugusa mbwa. Watafiti wawili wa Marekani, Marian na William Banks, mwaka 2002 walipima upweke wa wazee waliokuwa wanaletewa mbwa nusu saa, wengine mara moja kwa wiki, wengine mara tatu, na upweke ulishuka kwa wote, hao wa mara tatu hawakuwazidi wenzao wa mara moja. Halafu mwaka 2005 wakalinganisha mzee anayekaa na mbwa peke yake na wazee wanaokaa naye kwa kikundi, na waliopungukiwa upweke ni wale waliokaa naye peke yao. Kwahiyo usihangaike kuomba siku nyingi, omba nusu saa ya mtu mmoja mmoja, chumbani kwake, mlango umefungwa kidogo, na awe mbwa yuleyule kila wiki ili wajuane.

Kuna mzee nilikuwa namhudumia, aliumwa kiharusi, ukimuongelesha anajibu ndio au hapana basi. Siku hiyo mwenye mbwa akampa brashi. Akaipokea kwa mkono wa upande wenye kiharusi, haukushika, akaihamishia mkono mzima akaanza nyuma ya masikio, akashuka shingoni taratibu akifuata manyoya yanavyolala, alipofika tumboni akasimama. Akasema, "Huku hamumchani, yamesokotana." Mwenye mbwa akainama kuangalia, kweli kulikuwa na fundo. Basi tangu hapo yule mbwa alichanwa na yule mzee na sio mtu mwingine, na wakichelewa kuja alikuwa anatuuliza kwa sentensi nzima kabisa.

Ndo maana mimi nasema usimpelekee mzee mnyama wa kumtazama, mpelekee mnyama wa kumtunza. Fikiria siku yao ilivyo, wanalishwa, wanaogeshwa, wanageuzwa kitandani, wanaamuliwa saa ya kulala, toka asubuhi mpaka usiku wanapokea tu, hakuna hata mmoja anayewaomba kitu. Mnyama anaomba. Anataka maji, anataka kuchanwa, anataka mtu amuone. Huyu daktari Bill Thomas alipoanza kazi kwenye nyumba moja ya wazee kule New Berlin, jimbo la New York, mwaka 1991, alisema wazee wale wanasumbuliwa na mambo matatu, upweke, uchovu wa kukosa la kufanya, na kujiona hawana msaada kwa yeyote. Akaingiza mbwa 2, paka 4 na ndege 100 kwenye nyumba ya wazee kama 80, wafanyakazi walichanganyikiwa kabisa mwanzoni, lakini wazee wakawachukua wale ndege wakawapa majina, waliokuwa hawaongei wakaongea, mtu aliyedhaniwa hawezi kutembea akaenda kwa wauguzi kusema leo mbwa nitamtoa mimi. Na dawa walizokuwa wanatumia, hasa zile za kuwatuliza, zikapungua sana.

Sasa kabla hujamleta mnyama yeyote kaa na kila mzee au ndugu yake umuulize, aliwahi kufuga nini, anaogopa nini, ana mzio. Usilipite hili haraka. Wengine walipohamia hapo walilazimika kumuacha mbwa au paka wao waliyeishi naye miaka mingi, ni msiba ule, na hakuna aliyewahi kuwapa pole, kwahiyo mbwa akiingia mzee anaweza kulia sana. Muache alie, kaa naye, muulize jina la yule wa kwake. Mwingine aliumwa na mbwa utotoni hataki hata kumsikia, huyo usimbembeleze, andika kwenye faili lake mbwa asipite karibu.

Kwa wenye dimenshia, ule ugonjwa wa akili kupotea na kusahau uzeeni, waliofikia hatua ya kutotulia, jaribu samaki. Watafiti Nancy Edwards na Alan Beck waliweka matangi ya samaki kwenye vyumba vya kulia vya wazee wenye Alzheimer, ambayo ni aina ya dimenshia, matokeo yalitoka 2002, wazee wakala zaidi na uzito ukaongezeka, manake walikaa mezani wakiangalia samaki badala ya kuinuka kila dakika.

Usalama: ngozi ya wazee ni nyembamba kama karatasi, na wengi wanatumia dawa za kuzuia damu kuganda, mkwaruzo mdogo wa kucha unatoa damu kweli, kwahiyo mbwa akatwe kucha na mzee atandikwe taulo mapajani. Kamba isiachwe sakafuni, watu wanaanguka. Chanjo ziwe kamili na mnyama asiwe analishwa nyama mbichi, inabeba bakteria. Mikono ioshwe kabla na baada, kobe usimkubali kabisa kwa sababu ya salmonela, bakteria wa kuharisha. Na mlinde mnyama na wazee pia, wanapenda kumpa alichobaki nacho sahanini, chokoleti na zabibu ni sumu kwa mbwa, kidonge kilichoanguka chini vilevile, na kama mna paka maua ya lili yasiingie ndani, yanaua figo zake.

-----

Dada asante, nimesoma yote. Mimi nina swali la pembeni. Kwetu hawataki mnyama hai, wamenunua ile roboti ya Japani yenye umbo la mtoto wa sili, yule mnyama wa baharini, manyoya meupe, ukiipapasa inafumba macho na kutoa sauti. Kuna bibi anaikumbatia na kuibusu anaiita mwanangu, na mimi roho inaniuma naona tunamdanganya mtu mzima. Na je wale ambao imani yao hairuhusu mate ya mbwa tunafanyaje?

-----

Kaka nakuelewa, hata mimi ilinisumbua. Hiyo roboti inaitwa PARO, aliianza Mjapani Takanori Shibata mwaka 1993, na Marekani tangu 2009 inatambulika kama kifaa tiba, sio mdoli wa dukani. Na haohao Banks mwaka 2008 walilinganisha mbwa wa kweli na mbwa roboti, upweke ulipungua kwa wote wawili. Mimi msimamo wangu ni huu, akikuuliza ni mnyama wa kweli mwambie hapana ni mashine, usimdanganye, lakini asipouliza na anatulia nayo usimnyang'anye kwa sababu wewe roho inakuuma. Kinachonikera ni pale anapoachiwa mashine mchana kutwa ili wafanyakazi wapungue. Kaa naye dakika tano akiwa ameishika, umuulize mwanae alikuwaje, utasikia mengi.

Kuhusu imani, muulize yeye mwenyewe, usimwamulie. Mwingine atakubali mbwa akae mbali amuangalie tu, mwingine atataka paka au ndege, na asiyetaka chochote apewe mimea ya kumwagilia.

Mdogo wangu, na lingine, mbwa akifa au akistaafu, wazee waambiwe siku ileile. Wasiambiwe ana mafua atarudi, wanajua mnawaficha na wanabaki kusubiri. Meneja akikubali niandikie nikutumie fomu tunayotumia ya kuandika nani anataka mnyama gani na nani hataki kabisa, utairekebisha kulingana na nyumba yenu.