Fundi wa breki hapa Malindi ameniambia shida ni MGUU WANGU

MamaPilau_Mld

Jamani nimefika nyumbani sasa hivi, mikono yatetemeka, naandika hata buibui sijavua. Wote mnamjua. Yule wa nyuma ya stendi, ovaroli ya buluu iliyogeuka nyeusi, anayejiita injinia na hana hata jeki yake mwenyewe, aazima kwa jirani. Huyo huyo. Ameniambia shida si breki, shida ni mguu wangu. MGUU WANGU. Mbele ya watu.

Kisa ni mafuta ya breki kuvuja. Gari ni Probox, kazi yake kubeba masufuria ya pilau na biriani za harusi, leo Maweni kesho Mambrui keshokutwa Watamu, na chumvi ya huku kwetu mwaijua, paipu ya breki ya nyuma kushoto ililiwa na kutu ikatoboka, tairi lote likaloa. Nikampelekea. Akabadilisha paipu, sawa. Akasema na kalipa za mbele, zile zinazobana diski ya tairi, zimeshika, nikaagiza za mtumba Mombasa, ya kulia na ya kushoto, zikaja, akafunga, sawa. Halafu ndio tukaanza kutoa hewa iliyoingia kwenye paipu.

Yaani hiyo kutoa hewa! Mimi ndani nakanyaga, yeye chini anafungua nati. "Pampu! Shika! Usiachie! Achia! Pampu tena!" Mguu ukafa ganzi mpaka kiunoni. Chupa za mafuta ya breki nimenunua mpaka mwenye duka la spea akaniuliza kama nafungua gereji, yale yaliyomwagika pale chini yangekaangia viazi karai vya Malindi nzima na Gede wakabakishiwa. Na pedali bado laini kama mkate wa kumimina. Ukikanyaga mara moja yazama mpaka sakafuni, ukipampu yapanda, ukitulia kidogo ukikanyaga tena, chini.

Nikamwambia kwa adabu, fundi, hii bado. Akasimama. Akafuta mikono na kitambaa polepole, akanitazama kuanzia kichwani mpaka viatuni, akaita vijana wa tuktuk, "Njooni muone." Wakaja, na makonda wawili nao wakaja, na mwenye kahawa akaacha madele yake akaja. Ndipo akasema, "Mama, mimi hii breki nimeifunga vizuri. Shida si breki, shida ni mguu wako. Kina mama mna mguu mwepesi." Wakaangua kicheko. Mwenye kahawa akacheka mpaka akakaa chini.

Mguu wangu huu umeendesha kutoka Garsen mpaka hapa usiku wa mvua, umekanyaga breki kwa ng'ombe, kwa mbuzi, kwa bodaboda asiye na taa, kwa punda aliyelala katikati ya lami. Leo ndio mwepesi?

Pesa alishachukua kabla. Nikatoka na gari kwa hasira, mbele yangu tuktuk ikasimama ghafla kushusha abiria, nikakanyaga, hakuna kitu, nikapampu, hakuna kitu, nikavuta hendibreki gari ikapinda ikapanda ukingo ikasimama puani mwa meza ya mabuyu. Muuza mabuyu alishakimbia, namshukuru Mungu. Mchuzi wote wa biriani uko kwenye viti vya nyuma. Na wallahi pale gari inapokwenda peke yake mimi sikuwa nawaza kufa, nilikuwa nasikia sauti yake tu, shida ni mguu wako, shida ni mguu wako.

Yeyote mwenye gari asimpelekee. Hata wilibaro asimpelekee.

KijanaWaMuyeye

Mama Pilau pole, lakini tuma picha ya mguu kwanza tuamue kwa haki 😂😂

ProboxNyeupe

Wa nyuma ya stendi?? Mwenye kofia ya sufi jua kali hivi? Huyo mimi nilimpelekea kubadilisha plagi tu, nikarudi nimekuta injini iko chini.

MamaPilau_Mld

@ProboxNyeupe HUYO. Na injini ikiwa chini bado atakwambia shida ni kiti chako.

TuktukBarani

Mi nilikuwepo. Kucheka tulicheka, siwezi kukataa. Lakini kwa ukweli alisema "miguu yako", zote mbili.

MamaPilau_Mld

Alisema MGUU. Mmoja. Nilikuwa nimekaa pale kwenye usukani, wewe ulikuwa umekunja mbavu kwa kicheko ungesikia nini? Na nimekuona, shati la kijani, na pilau ya kwangu huwa wala.

TuktukBarani

Samahani mama.

DerevaMstaafu

Mwanangu pole sana, na tafadhali hiyo gari isitoke hapo ilipo. Nimeendesha lori miaka mingi, nikuulize jambo moja. Nenda kwenye tairi la mbele, geuza usukani mpaka mwisho ili uone ndani, itazame kalipa. Ile nati ndogo ya kutolea hewa, yenye kikofia cha raba, iko juu ya kalipa au chini?

Nakuuliza kwa sababu umesema kalipa ni mpya za mtumba na zilikuja mbili. Kalipa ya kulia na ya kushoto zafanana, na kwa gari nyingi ya kulia yakaa upande wa kushoto na bolti zaingia vizuri kabisa. Tofauti ni kwamba ukizibadilisha, nati ya hewa yaelekea chini. Hewa siku zote hupanda juu. Nati ikiwa chini mtatoa mafuta tu, safi, hayana hata povu, na hewa imekaa zake juu ndani ya kalipa yawatazama. Mtapampu mpaka kiama. Mafuta hayabanwi, hewa yabanwa, ndio maana mguu wazama.

MamaPilau_Mld

Nimetoka na tochi, nimelala chini na buibui langu.

IKO CHINI.

Kulia iko chini. Nikazunguka kushoto. CHINI.

Amefunga ya kulia kushoto na ya kushoto kulia, akanikanyagisha mchana kutwa, akanimaliza pesa za mafuta, akaita umma wa Malindi uje ushuhudie mguu wangu! Mguu! Na yeye ndiye aliyekuwa chini ya gari, hiyo nati alikuwa ameishika mkononi kwa spana, pua yake iko hapo hapo, hakuiona iko upande gani?

KijanaWaMuyeye

Kwa hiyo mguu umeachiwa huru kwa kukosa ushahidi 😂

FundiKilifi

Msikimbilie kumhukumu mwenzetu. Inaweza kuwa masta silinda pia, ile pampu kuu inayosukumwa na pedali. Gari ya zamani ukipampu mpaka chini kabisa, zile raba za ndani zinapita sehemu ya silinda ambayo hazijawahi kupita, kuna kutu na uchafu huko, zinachanika. Hapo hata ukitoa hewa mwaka mzima pedali itazama. Ndio maana mimi huweka kipande cha mbao chini ya pedali kabla mtu hajakanyaga.

MamaPilau_Mld

"Mwenzetu"? Wewe ni mwenzake?

FundiKilifi

Mwenzetu kwa kazi mama, si kwa tabia.

DerevaMstaafu

Fundi wa Kilifi asema kweli, na kulijua hilo ni rahisi. Kanyaga kwa nguvu usiachie. Ikizama polepole huku umeishika na hakuna panapovuja nje, hiyo ni masta. Ikiwa laini lakini ukipampu yapanda na ikikaa hapo haishuki, hiyo ni hewa, au shuu za nyuma, zile zinazosugua dramu kwa ndani, zimeachana nayo sana, zahitaji kukazwa. Watu wengi husahau za nyuma. Njia nyingine, bana zile hozi za raba zote kwa klempu za kazi hiyo, si kwa plaizi, plaizi huikata hozi kwa ndani. Pedali ikiwa ngumu, masta yako nzima. Fungua klempu moja moja, ile itakayoilainisha ndio yenye shida.

Wakibadilisha kalipa upande, ile bolti ya hozi iwekewe washa, vile vipete vya kuzibia, mpya za shaba. Za zamani wakizirudishia mtaanza kuvuja tena.

SpeaMajengo

Na anzeni na tairi la mbali na masta, nyuma kushoto, halafu nyuma kulia, mbele kushoto, mwisho mbele kulia upande wa dereva.

FundiKilifi

Si kila gari. Nyingi hizi za kuvuta mbele breki zimegawanywa mkato, nyuma kushoto na mbele kulia ni njia moja ya mafuta, kuna zinazotaka umalize hiyo kwanza. Fuata kitabu cha gari.

SpeaMajengo

Kitabu cha gari kiko Kijapani kaka. Nimetoa hewa kwa mpango huo tangu sijaota ndevu na hakuna aliyeingia baharini.

FundiKilifi

Hakuna aliyerudi kukwambia.

MamaPilau_Mld

Nyinyi wawili baadaye. Mimi nauliza, mtu mzima anaangalia nati iko chini, halafu ananyoosha kidole kwa mguu wangu. Mbele ya mwenye kahawa! Kesho nikipita pale wataniita Mama Mguu.

TuktukBarani

Kwa ukweli wameshaanza.

MlamuHalisi

Ndio maana sisi Lamu tumebaki na punda. Hana kalipa, hana masta, havuji isipokuwa pale apendapo mwenyewe. Wataka asimame, huvuti chochote, asimama tu kwa hiari yake katikati ya njia na watu wakapita ubavuni.

ProboxNyeupe

@MlamuHalisi punda wenu alinikanyaga kidole mwaka jana pale gatini, na mwenyewe akaniambia nimeweka mguu wangu vibaya.

KijanaWaMuyeye

MGUU TENA 😂😂😂 huu uzi umelaaniwa

MlamuHalisi

Lakini msinichokoze, mimi nina yangu. Fundi wa mashini za boti, wa Mokowe, wote mwamjua, yule anayevaa miwani ya jua usiku. Nimempa mashini atengeneze, amerudisha, tumetoka Mokowe na abiria, katikati ya mkondo ikazima. Nikampigia simu. Aniuliza, "Umeweka petroli?" Nimeweka petroli! Mimi nahodha mwana wa nahodha! Abiria wakapiga makasia kwa kandambili mpaka ng'ambo.

BintiShela

Huyo wa miwani? Aliwahi kuja kutengeneza jenereta kwetu, akaondoka na jenereta.

MamaPilau_Mld

Poleni, lakini jamani huyo wa miwani hajakuitia watu. Wangu aliita watu. Na yale mafuta ya breki yamemwagikia rangi ya mlango, mlango umeanza kubabuka.

DerevaMstaafu

Mwaga maji mengi hapo mlangoni sasa hivi mwanangu, usisugue. Mafuta ya breki hula rangi ya gari. Na chupa zilizofunguliwa zikabaki usizitumie tena, huvuta unyevu wa hewani, na huku pwani unyevu ni mwingi. DOT 3, aina ya mafuta ya breki, ikiwa mpya huchemka kwenye nyuzijoto 205, ikishavuta maji yashuka mpaka 140. Ukichemka ndani ya paipu ni hewa tena.

MzeeWaGanda

Mmesahau mafundi cherehani. Nilipeleka kitambaa cha kanzu mwezi wa Shaaban, nimeivaa Idi, mkono mmoja wafika kwenye kiwiko. Nikamuuliza, aniambia mkono wangu umerefuka katika mfungo.

BintiShela

Babu 😭😭 nani huyo, wa kule sokoni mwenye mkasi wa kamba shingoni?

MzeeWaGanda

Wallahi huyo.

KijanaWaMuyeye

Huyo alinishonea suruali ya shule haina pa kutolea miguu, mpira umeshonwa pande zote mbili.

MamaPilau_Mld

Kuna fundi yeyote Malindi wa kuja kesho asubuhi nyumbani anibadilishie kalipa upande? Nina harusi ya Mambrui Jumamosi, masufuria yameshakodishwa. Aje na washa zake za shaba. Na aje peke yake, sitaki watazamaji.

SpeaMajengo

Washa ninazo mama. Lakini tunaanza na nyuma kushoto.

FundiKilifi

Kama ni mkato haianzi hivyo!

MzeeWaGanda

Na kola ameishona kinyume.

BintiShela

Babu mimi blauzi yangu ya harusi ya dada iko kwake tangu masika, kila nikienda asema imebaki vifungo. Leo nimeiona imevaliwa na mkewe, ina vifungo vyote.

ProboxNyeupe

Jina la uzi libadilishwe, mafundi cherehani wa soko ni majambazi. Mimi naanza na suti yangu.