UZI: Chuki inaisha kwa upendo au kwa vitendo? Watu wa Tanga tupeane uzoefu

Mgosi wa Ngamiani (mwanzisha uzi)
Wakuu salama? Jana kijiweni kuna mzee kasema dawa ya chuki ni upendo tu, mwenzie akamkatisha, upendo upi, mtu akikuchukia we fanya jambo alione. Wakabishana mpaka kahawa ikapoa. Nimeona nilete huku ila jamani msije na mahubiri wala zile nukuu za kwenye status, leta kilichokukuta wewe au mtaani kwako.

Naanza mimi. 2015 uchaguzi ulitugawa vibaya sana, si mnakumbuka jimbo la Tanga Mjini lilienda CUF mwaka ule. Kijiwe chetu kikawa viwili, CCM huku, Ukawa (ule umoja wa vyama vya upinzani, CUF wakiwemo) kule barabara ya pili, muuza kahawa maskini anazunguka na birika kote kote, yeye ndo pekee aliyekuwa hana chama. Wanawake ndo usiseme, mpaka upatu ulivunjika na hela za watu zikaleta kesi. Sasa akafariki mama mmoja wa upande ule, na mkosha maiti wa kike anayetegemewa mtaa mzima alikuwa wa upande huu, tena hao wawili ndo waliokuwa wanarushiana mafumbo ya kanga kila wakipishana. Watu wakaanza kunong'ona watafute mkosha mwingine Makorora. Yule mama hakuitwa na mtu, kaja mwenyewe kajifunga kanga kiunoni, kauliza maji yako wapi. Basi. Hakuomba radhi wala hakuombwa. Na msidhani vijiwe viliungana siku ile, wapi, viwili vilikaa hivohivo muda mrefu tu, ila toka pale hakuna maiti iliyosusiwa tena. Upendo kama ulikuwepo mi sikuuona, niliona mtu anakosha maiti.

Wifi wa Mabokweni
Mgosi umenigusa. Mi mchaga wa Rombo, mkristo, nimeolewa na mdigo, tulifunga bomani. Mama mkwe hakuja. Huo upendo wenu niliujaribu sana, vitenge, sukari ya ramadhani, mwezi mzima napika futari ya muhogo wa nazi nampelekea, chombo kinarudi hakijaguswa, tena kimefunikwa vizuri kabisa ili nijue.

Baadae akapata mtoto wa jicho. Wanawe wako Dar na Mombasa, aliyekuwepo ni mchaga. Nikawa nampeleka kliniki, namshika mkono kushuka daladala, namtia dawa ya matone maana mwenyewe haoni chupa iko wapi. Sa hivi anaona vizuri na anakula chakula changu, na anakikosoa, leo tui zito, leo chumvi hamna. Mume wangu anasema unaona sasa anakupenda. Thubutu! Akikaa na dada zake bado mi ni "yule mchaga". Ila ananihitaji na mi nimeridhika na hilo, mbona kuna ndoa za kabila moja dini moja na mkwe hata maji hanywi.

Kimanumanu Damu
Mnaleta siasa na dini, chuki ya kweli ni Coastal Union na African Sports, timu zetu mbili za mpira hapa Tanga. Babu yangu alikuwa Sports, bibi katoka familia ya Coastal. 1988 Coastal wamechukua ubingwa wa ligi, mtaa mzima pilau, babu kajifungia ndani anasema anaumwa tumbo. Usiku bibi kamuingizia sahani, kala yote gizani. Asubuhi katoka anatangaza barazani pilau la Coastal halina bizari. Walizaa watoto tisa kwaiyo upendo ulikuwepo, chuki nayo ilikuwepo, vyote kwenye nyumba moja.

Mtoto wa Kambini
😂😂 huyo babu nampenda.

Mi babu yangu Muha, alikuja kwa mkataba enzi za mkoloni, kulikuwa na SILABU, ofisi ya kutafuta vibarua wa mkonge, inakusanya watu Kigoma, Songea na huko kwingine kuwaleta kwenye mkonge wetu huu. Kila mtu anapewa namba, ndo mkasikia manamba. Wenyeji wabondei na wasambaa kukata mkonge walikuwa hawataki, na anayekata wakamuona kama mtumwa. Sisi wajukuu tumeyakuta hayohayo shuleni, "mtoto wa kambini", hukai nae dawati moja, na kuposa kijijini ndo usahau, unaulizwa kwenu wapi, ukisema hapa wanacheka.

Mkonge ulikuwa na heshima, 1964 nchi ilitoa zaidi ya tani 230,000, alafu kamba za plastiki zikaja bei ikafa, mashamba yakataifishwa, miaka ikaenda, kwetu korona (mashine ya kusaga majani ya mkonge kutoa nyuzi) ikasimama ikaota majani. Wazee wakaachwa hapo hawana mshahara hawana nauli ya kurudi Kigoma, na Kigoma yenyewe nani anawajua. Wakati huo chuki ilizidi maana tukaanza kuomba vibarua kwenye mashamba ya wanakijiji, na huko nako hali ngumu.

Kilichobadilisha ni mpango wa wakulima wadogo, unapewa kipande ndani ya shamba lile lile, unalima mkonge wako. Wa kambini wakachukua, wa kijijini nao wakachukua. Sasa asiyejua mkonge ajue hivi, ukikata unafunga mafungu ya majani 30, na majani yakikatwa hayasubiri, yakilala siku mbili tatu bila kufika korona umepata hasara. Trekta moja, watu wengi. Ukigombana na jirani yako mbondei zamu ya trekta inavurugika na majani yenu wote yanaozea shambani. Ikabidi wakae, wapange, wagombane, wapange tena. Katika kukaa huko ndo wakajuana majina, kabla ya hapo baba aliishi nao maisha yake yote anajua nyumba tu. Mi mke wangu mbondei. Posa ilikubaliwa mara ya kwanza, baba mkwe alikuwa anadaiwa zamu na baba yangu haha.

Pweza wa Deep Sea
Kwaiyo ulipewa mke kwa zamu ya trekta 😂 sawa, ila huo si upendo wala kitendo, ni shida.

Mtoto wa Kambini
Shida nayo ni ndugu, mgosi.

Mie wa Wete
Mie Mpemba, nakaa Sahare, nimekuja huku baada ya ile Januari 2001, waandamanaji wa CUF walipopigwa risasi kwetu Pemba, wengi walikimbilia Shimoni Kenya sie tukaja na dau Tanga. Mnaosema 2015 iligawa mtaa, sie Pemba tulianza na uchaguzi wa 1995. Duka la CCM haendi wa CUF, gari ya abiria hivohivo, harusi hivohivo, na maiti ndo hivyo anavosema mwanzisha uzi. Mama yangu na mjomba wangu, tumbo moja, hawasalimiani. Bibi kalia nao kawabembeleza mpaka kachoka, na hakuna mapenzi makubwa kuliko ya mama kwa wanawe, hayakusaidia kitu.

Kilichofungua ni tarehe 5/11/2009, Rais wa Zanzibar Karume na Maalim Seif wa CUF walipokutana Ikulu. Mjomba kasikia kwenye redio, wiki ileile kapiga hodi kwa bibi na mama yupo. Julai 2010 kura ya maoni, 66.4% wakakubali serikali ya umoja wa kitaifa, uchaguzi wa Oktoba watu wakapiga kura wakarudi nyumbani kula. Alafu 28/10/2015 uchaguzi wa Zanzibar ukafutwa, CUF wakasusia marudio ya 2016, na kule kununiana kukarudi kama hakukuondoka. Miaka sita ya kusalimiana ikapotea kwa tangazo moja. Kwaiyo mie nauliza, vitendo vya nani? Vya mkosha maiti wa Ngamiani vinatosha mtaa, vya wakubwa vinatosha nchi, kwa kujenga na kwa kubomoa.

Wifi wa Mabokweni
Pole. Na mjomba ikawaje?

Mie wa Wete
2020 Disemba Maalim Seif kaapishwa Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, mjomba kaanza tena kupiga simu. Sa hivi anapiga kila wiki, anataka nimtumie machungwa ya Muheza, hela ya nauli ya mzigo hatumi.

Kiwanja Namba Sita
Mi naharibu uzi. Jirani yangu anagombea mpaka wa kiwanja na mimi, alama ziko wazi kabisa. Nimemuunganishia maji kipindi bomba lake limekatwa, msiba wake nimechangia na nimechimba kaburi, mwanae nimemwandikia barua za kazi. Bado usiku anasogeza fensi ya michongoma. Kitendo nimefanya, upendo nimeutoa, sasa nimekwenda baraza la ardhi.

Mgosi wa Ngamiani
Hahaha mkuu hilo nalo ni kitendo. Wa Handeni na Kilindi mbona kimya, habari ya wakulima na wafugaji mnaijua nyie, leteni.

Porini Kilindi
Nipo, nasoma. Nimeolea upande wa wafugaji na shamba langu lililiwa na ng'ombe wa shemeji. Naandika nikichaji simu, huku umeme wa sola.