Mjomba anasema tukiandikishwa ardhi tumekubali Pwani ni Kenya. Nifanyeje?

kinda_la_msambweni

Asalaam aleikum ndugu zangu. Naomba ushauri, na siku zilizobaki ni 9.

Sisi ni Wadigo wa Msambweni, huku ndani, si ufuoni kwenye mahoteli. Babu kazikwa chini ya mwembe ulio nyuma ya jiko letu, na babake yuko hatua chache tu kutoka hapo. Kwa karatasi lakini sisi ni maskwota. Shamba lina mwenyewe ambaye miaka yangu yote 31 sijamuona hata kivuli. Mwezi uliopita tukaitwa baraza, chifu akasema serikali italinunua shamba itugawie, kwa hivyo kila boma liandikishe watu wake, mipaka yake na miti yake. Masorveya wakaja, wakapaka rangi nyekundu kwenye minazi ya mpakani.

Jumapili alfajiri nikamkuta mjomba na panga, anachonga lile gome lenye rangi. Alikuwa kwenye mnazi wa tatu, miwili keshaimaliza.

Ana mfuko wa nailoni wenye fotokopi ya mkataba wa 1895 wa Sultani wa Zanzibar na Mwingereza, umekunjwa mpaka mistari ya katikati haisomeki tena. Maneno yake ni haya: ukanda wa Pwani wa maili 10 ulikodishwa, haukuuzwa. Makubaliano ya 1963 yalikuwa ya miaka 50, yamekwisha. Kenya haina cha kumgawia mtu. Atakayetia kidole kwenye ile fomu amekiri kwamba Pwani ni Kenya, na Mwambao ukija kujitenga hatakuwa na neno la kusema.

Mnaotujua Wadigo mnajua mjomba hapitwi hivi hivi. Mama yangu amenyamaza kimya. Nauliza: Pwani yaweza kujitenga kweli? Kama yaweza, tungoje? Na nikijiandikisha, namkosea adabu?

dereva_wa_likoni

Kabla hamjajitenga nirudishiwe nauli ya feri.

wakili_wa_kibarazani

Bwana mdogo, usimcheke mjombako, nusu ya asemayo ni kweli. 1895 Mwingereza alikodi ukanda huu kwa Sultani wa Zanzibar kwa pauni 11,000 kwa mwaka. 1920 bara ilipofanywa koloni, huku kulibaki himaya, yaani ardhi ya Sultani chini ya ulinzi wa Mwingereza. Nchi mbili kwa karatasi, gavana mmoja.

Nusu ya pili ndiyo imempotea. Oktoba 1963 waziri mkuu wa Sultani, Mohammed Shamte, na Jomo Kenyatta walibadilishana barua, na Sultani akaachilia ukanda. Hizo barua hazina miaka 50 wala 100. Zina ahadi: korti za kadhi zibaki, na hati za ardhi za ukanda huu ziheshimiwe. Hapo msimamishe umuulize. Katika karatasi hizo hizo anazozitegemea, aliyekumbukwa ni nani? Ni mwenye hati.

Kujitenga kisheria sasa. Katiba ya 2010, ibara ya 255, inasema kugusa mipaka ya nchi ni lazima kura ya maoni ya Kenya nzima. Katika angalau nusu ya kaunti wajitokeze si chini ya 20% ya waliosajiliwa, kisha wengi wa waliopiga kura waseme ndiyo. Kaunti ni 47, za Pwani ni 6. Mtafute mtu wa Nyeri atakayepanga foleni ili akupe bandari. Ukitoka nje napo, wakuu wa Afrika walikubaliana Cairo 1964 kwamba mipaka ya siku ya uhuru haiguswi. Watu wa Katanga, jimbo la Kongo, walipeleka lalamiko lao kwa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu, na 1995 wakajibiwa kwamba njia za kujitawala ni nyingi, ila bila kuvunja nchi, mpaka wathibitishe kuwa wanadhulumiwa na kunyimwa sauti serikalini.

Kulisema jambo hili si kosa, hilo ulijue. MRC, lile kundi lililodai Pwani si Kenya, ilipigwa marufuku 2010, na Julai 2012 Mahakama Kuu ya Mombasa ikaitengua ile amri.

mkamatanoti

Na mwambie mjomba, Novemba 2017 magavana wawili, Joho wa Mombasa na Kingi wa Kilifi, walisimama wakasema Pwani ijitenge. Mmoja 2022 akawa Spika wa Seneti, mwengine 2024 akawa waziri. Seneti ya wapi? Waziri wa wapi? Yeye bado anachonga mnazi.

msagalla_wa_voi

Swali langu kila siku ni hili moja. Maili 10 ni kama kilomita 16 kutoka baharini. Mimi niko Voi. Nitakuja Mombasa kumuona dadangu na pasipoti? Sultani hajawahi kututawala huku, na ardhi yetu imekatwa mbuga na mashamba ya mkonge kuliko hata yenu. Mkisema Pwani, semeni ni Pwani ya nani.

babu_wa_kuze

Wajukuu, mimi nilikuwa chuoni, mtoto wa juzuu amma, bendera nyekundu ya Sultani ikipepea Ngomeni pale Mombasa. Desemba 1963 ikashuka. Januari tukasikia redioni na Sultani mwenyewe kapinduliwa Unguja. Baba alisema neno moja tu: "Basi," akaenda dukani kwake.

Nami niseme asilolipenda mjomba. Waliodai Mwambao ujitenge na Kenya wakati ule wengi wao walikuwa Waarabu na Waswahili wa mjini, watu wenye mashamba. Wadigo na Wagiriama wengi hawakuutaka. Walikuwa na Ronald Ngala na chama chake cha KADU kilichotaka majimbo, kwa sababu waliona kumrudia Sultani ni kuwarudia walewale walioandikisha ardhi wakati wao wamelala. Ikiwa babu yako alikwenda mikutanoni, basi huenda alikwenda kuupinga huo mkataba ulio mfukoni mwa mwanawe.

hasira_za_changamwe

Mnamfanya mzee wa watu kichekesho. Bandari iko wapi? 2019 ilipotoka amri mizigo ipande reli ya SGR moja kwa moja hadi Nairobi, mimi nilikuwa turnboy wa lori. Jumatatu baada ya Jumatatu tuliandamana. Gereji zikafungwa, mama wa chapati akahama. Kaunti zote zikitengewa angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa, mnaambiwa huo ndio ugatuzi, shukuruni. Mtu aliyetendewa haya akisema bora kila mtu na kwake, kakosa nini? Usitie kidole, kijana. Karatasi zao tumeziona.

mwana_wa_nzwani

Naandika kutoka Ngazija, wazazi wangu ni wa Nzwani, kisiwa mnachokiona kwenye ramani kwa jina la Anjouan. Agosti 1997 tulitangaza kujitenga na Komoro. Wazee walitaka turudi kwa Ufaransa, maana Mayotte, iliyobaki chini ya Ufaransa, tunaitazama ng'ambo ya maji, wao wana hospitali. Ufaransa ikakataa kutupokea. Ukafuata mkataba, halafu mzozo mwengine, na Machi 2008 wanajeshi wa Komoro wakashuka pamoja na wa Tanzania na Sudan, na rais wetu Bacar akakimbilia Mayotte kwa boti.

Kaka wa Changamwe, hasira zako nazijua. Nasi tulikuwa nazo, na tulikuwa na kisiwa kizima, mpaka wetu ni bahari. Miaka ile kila kitu kilingoja kisiwa kijulikane ni cha nani. Mtu hajengi akiwa anangoja.

wakili_wa_kibarazani

Nimerudi kwa jambo moja ambalo ndilo ningeanza nalo. Kijana, unajua kwa nini wewe ni skwota? 1908 ilitoka sheria ya hati za ardhi za Pwani. Kila anayedai ardhi aende akaandikishe dai lake, na isiyodaiwa itakuwa ya Serikali ya Mfalme. Walioelewa makaratasi walikwenda. Wamijikenda wengi, nyinyi Wadigo mkiwemo, hawakupata habari, wengine hawakuhesabiwa kuwa na haki. Huyo tajiri usiyemuona kivuli, fuata hati yake nyuma, na sitashangaa ukifika huko.

Changamwe anasema usitie kidole. Walishakosa kutia kidole wakubwa wenu, na haikuwa kwa kupenda. Hakuna sheria inayosema mwenye hati amefuta madai yake ya siasa. Jiandikishe, kisha uidai Pwani ukiwa umekaa kwenye kibaraza chako.

bi_mkubwa_wa_kibokoni

Mmemtaja Sultani, Kenyatta na Ngala. Hakuna aliyeuliza kama mamake mtoto huyu ataandikwa kwenye fomu. Mwanangu, mama kanyamaza kwa sababu hajaulizwa. Nyinyi Wadigo wa zamani ardhi ilipita upande wa mama. Muulize yeye kwanza.

kinda_la_msambweni

Ahsanteni nyote. Babu wa Kuze, nimemsomea mjomba ujumbe wako kwa sauti, akaukata katikati akasema, "Huyo mzee ni mtu wa mjini." Lakini alikaa mpaka mwisho.

Habari ya 1908 hakuijua. Aliniomba nimuandikie huo mwaka nyuma ya fotokopi, kwa herufi kubwa.

Bi Mkubwa, nilikwenda jikoni. Mama alikuwa anakuna nazi, hakuinua kichwa. Akasema yeye alikwenda kwa chifu tangu Jumatano, kitambulisho na fotokopi mbili, kajiandikisha yeye, dada zangu wawili na mimi. Mjomba pia kamuandika. Ila walimwambia mwanamume mzima atie kidole mwenyewe.

Bado siku 6. Jana nimeiona tena rangi nyekundu kwenye mnazi wa kwanza, mbichi, na masorveya hawajarudi. Sijauliza ni nani.